Muulize Fundi: Klachi Haifi Yenyewe

Mwezi huu barua za klachi zimezidi za breki, na hilo si la kawaida. Nadhani ni mvua. Barabara za udongo zikishalainika magari yanakwama, na mguu wa kushoto unaanza kuchezacheza kama uko kwenye cherehani. Nimechagua barua tano. Nimezijibu pale pale gereji Ndeeba, hapa Kampala, nikiwa nimekalia giaboksi kuukuu ambayo miaka yote hii ndiyo kiti changu. Mhariri ameshalalamika kwamba karatasi zangu zina grisi. Asamehe.

Salaam fundi. Naendesha teksi ya Mukono kwenda Kampala, Toyota Hiace ya dizeli. Nikiwa na abiria wote 14, nikiupanda mlima wa Kireka, injini inalia sana lakini gari halisogei inavyotakiwa, na ndani kunanuka kama kitu kinaungua. Klachi pleti niliibadilisha miezi 4 tu iliyopita. Makanika anasema niliuziwa feki, nitafute jenuwini kwa bei yoyote. Unasemaje? – Dereva, Mukono

Mwanangu, huenda kweli uliuziwa feki, zipo. Lakini "ni feki" ni jibu ambalo sisi makanika tunalipenda kwa sababu halitugusi. Klachi haifi yenyewe. Kabla hujatia mkono mfukoni, tujue hiyo ya miezi minne imeuawa na nini, maana kama muuaji bado yumo ndani ya gari, hata hiyo jenuwini ataila.

Unachoeleza ni klachi inayoteleza. Pleti hubanwa kati ya flaiwili, inayozunguka na injini, na presha pleti, kama karata iliyobanwa kati ya viganja viwili. Springi ya presha pleti ndiyo inayobana. Ukikanyaga pedeli, beringi inaisukuma ile springi, viganja vinalegea, karata inakuwa huru. Ukiachia, vinabana tena. Sasa pleti ikiwa imelika, au imelowa oili, au springi imechoka, au kuna kitu kinazuia viganja visifunge sawasawa, injini itazunguka na karata itabaki nyuma. Harufu unayoisikia ni ya huo msuguano. Nayo huanzia mlimani, kwenye gia kubwa, gari likiwa limejaa. Ukipita tambarare ya Namanve bila abiria hutasikia kitu, utadhani imepona.

Ipime hivi. Tafuta mahali tambarare, mbele ya gari pasiwe na mtu wala kuku. Vuta handbreki mpaka mwisho, weka mawe kwenye magurudumu. Tia gia ya nne, pandisha injini ifike kama mizunguko 2000 kwa dakika, kisha achia klachi kama kawaida. Injini ikizima palepale, klachi inakamata. Ikiendelea kuunguruma na gari limesimama, klachi imekwisha. Fanya mara moja tu. Ukirudia ili kuwaonyesha wenzako wa stejini, unaimalizia.

Muuaji wa kwanza wa kumtafuta ni wa bure. Sukuma pedeli kwa kidole cha mkono. Kabla hujakutana na uzito lazima kuwe na uhuru mdogo. Kwenye Toyota nyingi ni milimita 5 hadi 15. Uhuru huo usipokuwepo, beringi inaisukuma springi saa zote, na klachi haifungi kikamilifu hata siku moja. Fimbo ya pedeli inarekebishwa kwa spana mbili na dakika 10. Unaweza kukuta aliyekufungia klachi mpya hakuigusa kabisa.

Wa pili ni oili, na huyu ndiye ninayemshuku, kwa sababu aliwahi kuniaibisha mimi mwenyewe. Nilikuwa kijana, nimetoka Bombo juzijuzi, najiona najua kila kitu. Mzee mmoja wa matoke akaniletea lori lake dogo. Nikashusha giaboksi, nikaikuta pleti nyeusi, inang'aa kama mgongo wa kambale. Nikaweka mpya, nikapokea hela, nikampungia mkono. Baada ya wiki 3 akarudi, lori linavutwa kwa kamba. Hakunitukana. Alikaa kwenye benchi akasema, "Kijana, nitakungoja hapa." Oili sili ya nyuma ya injini, ile raba ya duara inayozuia oili isitoke, ilikuwa inavuja, siku ile ya kwanza niliuona ule unyevu, nikaupangusa kwa kitambaa nikafunga. Sili yenyewe ni kitu cha bei ndogo. Klachi ya pili niliilipa mimi, na yule mzee akakaa pale benchini siku nzima ananitazama. Ingekuwa heri angenitukana.

Kwa hiyo siku giaboksi yako itakapoteremshwa, uwepo. Usiende kunywa chai. Tia kidole ndani ya lile ganda linalofunika klachi. Ukikuta oili nyeusi, nyepesi, hiyo ni ya injini: sili ya nyuma imekufa. Ukikuta nzito yenye harufu kali ya kukera pua, hiyo ni ya giaboksi: sili ya shafti ya mbele imekufa. Yoyote kati ya hizo ibadilishwe kabla ya klachi kuguswa. Kisha itazame flaiwili. Ikiwa na madoa ya bluu au nyufa nyembamba, imeungua. Ipeleke kwa mafundi wa mashine, Katwe wako wengi, waisawazishe uso, au kama nyufa ni za kina uibadilishe. Pleti mpya juu ya flaiwili iliyopindapinda hushika sehemu ndogo tu, na hiyo sehemu ndogo ndiyo inayobeba abiria wako 14. Miezi minne inatosha kabisa kuimaliza.

Pleti ya zamani usiitupe kabla ya kuisoma. Imelika sawasawa mpaka ribiti, vile vipini vinavyoshikilia uso wa pleti, zinakaribia kugusa? Kipimo cha Toyota ni kwamba kichwa cha ribiti kikibakisha chini ya milimita 0.3 kufika usoni, imekwisha. Huo ni uzee wa kawaida. Imelika upande mmoja, au imepasuka, au imegeuka kama kioo? Huo si uzee.

Ukinunua, nunua vitatu pamoja: pleti, presha pleti na beringi. Kazi ya kushusha giaboksi ni ileile, na beringi ya zamani itakurudisha gereji kwa ajili ya kitu kidogo. Presha pleti mpya huja na mafuta ya kuzuia kutu. Yasafishwe kwa petroli kidogo na kitambaa safi, maana mafuta hayo yakibaki, klachi mpya itatetemeka. Upande wa pleti wenye kitovu kinene na springi zilizojitokeza kwa kawaida huelekea giaboksi. Pleti ikae katikati kabisa kwa kuishikilia na shafti ya zamani, au hata kijiti kilichochongwa vizuri. Mimi ninacho cha mti nimekitumia miaka. Bolti zikazwe kwa msalaba, kidogokidogo. Na giaboksi wakati wa kurudishwa isiachwe hata dakika moja ikining'inia kwenye shafti yake, maana uzito wote unaikalia pleti na kuipinda. Lile vumbi jeusi msilipulize kwa pampu ya hewa. Baadhi ya pleti, hasa za zamani, zilitengenezwa kwa asbesto, na asbesto ikiingia kwenye mapafu haitoki. Lowesheni kwa maji, mpanguse.

Muuaji wa tatu, usinikasirikie, ni wewe. Ninyi watu wa teksi mna mchezo wenu mnapojaza abiria: unasogeza gari mbele hatua moja, unalirudisha, unalisogeza tena, ili abiria adhani linaondoka. Mchana kutwa. Kila msogeo ni klachi iliyoachiwa nusu. Kisha mlimani kwenye foleni unalishikilia gari kwa klachi badala ya handbreki. Ukitaka kumdanganya abiria, mwambie kondakta apige kelele zaidi. Koo lake ni la bei rahisi kuliko klachi.

Habari za kazi, fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tororo. Nina Toyota Corolla ya zamani. Asubuhi pedeli ya klachi inashuka mpaka chini kama nimekanyaga mto, na gia ya nyuma inasaga. Nikiipampu mara tatu au nne gia zinaingia. Makanika anataka kushusha giaboksi na kuweka klachi yote mpya kwa shilingi laki 6. Sina hela hiyo mpaka mwisho wa muhula. – Mwalimu, Tororo

Mwalimu wangu, usitoe hela. Umejibu swali lako mwenyewe kwa maneno matatu: "nikiipampu gia zinaingia." Klachi pleti haijui kupampiwa. Kinachopampiwa ni mafuta.

Klachi yako haiendeshwi kwa waya bali kwa mafuta ya breki. Juu ya pedeli, nyuma ya ule ukuta unaotenganisha injini na miguu yako, kuna masta silinda. Kutoka hapo kuna bomba jembamba mpaka silinda ndogo iliyo ubavuni mwa giaboksi, inayosukuma mkono wa klachi. Mafuta hayabanwi, kwa hiyo mguu wako ukisukuma huku, mkono unasogea kule. Hewa inabanwa. Hewa ikiingia kwenye bomba, unaikanyaga hewa badala ya kusukuma klachi, pedeli inakuwa mto, pleti haiachiliwi vizuri, na gia ya nyuma inalalamika kabla ya zote kwa sababu kwenye magari mengi haina kifaa cha kulinganisha mwendo kama wenzake.

Na hewa haiingii bila mlango. Fungua boneti utazame mafuta kwenye kikopo cha klachi. Yamepungua? Basi yanavuja mahali, na mahali ni pawili. Piga magoti upande wa dereva, peleka mkono juu kabisa pale fimbo ya pedeli inapoingia ukutani. Ukitoka na unyevu kwenye vidole, masta silinda imechoka. Kisha mwambie makanika afunue ile raba ya silinda ya chini. Ikidondosha mafuta, ni hiyo. Kama hakuna panapovuja na mafuta hayapungui, kanyaga pedeli uishikilie dakika moja. Ikizama polepole chini ya mguu, masta inavuja kwa ndani: raba zake zinapitisha mafuta kurudi yalikotoka. Hiyo haionekani kwa nje, na ndiyo inayowafanya wengi washushe giaboksi bure.

Kwa silinda hizi wakati mwingine raba peke yake zinatosha, zinauzwa kama seti. Lakini ndani ya silinda kukiwa na mikwaruzo au vishimo vya kutu, raba mpya hazitadumu. Badilisha silinda nzima. Bado utakuwa mbali sana na laki 6.

Kutoa hewa unaweza kusimamia mwenyewe. Jaza kikopo. Weka mpira mwembamba kwenye nipo, kile kichuchu cha kutolea hewa, ya silinda ya chini, ncha nyingine izame kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Mtu mmoja anakanyaga pedeli taratibu na kuishikilia chini. Makanika anafungua nipo, hewa inatoka kwa mapovu, anafunga. Ndipo pedeli inaachiwa. Mfuatano huo usivurugike, ukiachia pedeli nipo ikiwa wazi unaivuta hewa upya. Rudieni mpaka mapovu yaishe, na kikopo kisikauke katikati ya kazi. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaiweza kazi ya pedeli, ilimradi asiwe yule anayeota dirishani.

Mafuta yawe ya breki, aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, kwa kawaida DOT 3. Chupa iwe mpya, maana mafuta hayo hunywa unyevu wa hewa, na chupa iliyokaa wazi dukani tangu mwaka jana ni maji ya kutu. Asikuwekee oili ya injini wala ya usukani "kwa dharura." Raba zitavimba na utanunua kila kitu upya. Yakidondokea rangi ya gari, mwagia maji haraka, yanaibandua.

Fundi, niko Arua na Bajaj Boxer yangu. Juzi nimebadilisha oili. Rafiki alinishauri niweke oili nzuri ya gari, ya ghali kabisa. Tangu siku hiyo nikiongeza moto pikipiki inavuma lakini haivuti, hasa nikibeba watu. Injini imekufa? – Mwendesha boda

Injini ni nzima. Rafiki yako alikupenda, lakini hakukujua. Klachi ya gari ni kavu. Ya Boxer inaishi ndani ya oili ileile ya injini, pleti kadhaa zimepangwa kama chapati, oili inapita katikati. Oili nyingi za kisasa za magari zimetiwa dawa ya kupunguza msuguano ili injini inywe mafuta kidogo. Gari linafurahi. Klachi yako inategemea huo huo msuguano.

Kwanza angalia waya: mkono wa klachi uwe na uhuru wa kama milimita 10 hadi 20 kwenye ncha kabla haujaanza kuvuta. Kama umekazwa sana, legeza ujaribu tena. Kama ni sawa, mwaga oili hiyo yote, hata kama roho inauma, weka ya pikipiki yenye maandishi JASO MA kwenye chupa, alama ya oili inayofaa klachi inayoishi ndani ya oili. Endesha siku chache bila kubeba mizigo mizito. Ikibaki inateleza kidogo, badilisha oili mara ya pili. Ikiendelea hata baada ya hapo, pleti zimeshaungua. Nunua seti, na kabla ya kuzifunga zilowekwe kwenye oili safi usiku kucha. Wanaozifunga kavu huziunguza safari ya kwanza.

Mimi ni mwanajeshi mstaafu, Gulu. Pikapu yangu ikiwa imesimama, gia huru, inatoa mlio kama nyenje. Nikikanyaga klachi mlio unanyamaza. Kijana wa gereji anasema ni beringi ya klachi. – Afande

Afande, kijana amegeuza. Beringi ya klachi hupiga kelele unapokanyaga, kwa kuwa ndipo inapofanya kazi. Mlio unaonyamaza ukikanyaga unatoka ndani ya giaboksi: umeisimamisha shafti ya mbele, na beringi yake ikanyamaza nayo. Fungua bolti ya kujazia, uone kama oili ya giaboksi ipo. Mara nyingi haipo. Ukijaza na mlio ukabaki, unaweza kuendesha kwa muda ukisikiliza, lakini ukianza kuusikia hata ukiwa mwendoni, giaboksi ishushwe. Wakati huo, sawa, kijana aweke na beringi ya klachi mpya.

Fundi, nafanya biashara ya samaki, Pakwach mpaka Kampala. Mwezi uliopita waya wa klachi ulikatika karibu na Karuma. Tulikaa barabarani kwa muda wa saa 5 tukingoja kuvutwa, barafu ikayeyuka. Kulikuwa na njia? – Mama samaki

Pole sana, dada. Njia ilikuwepo. Sikushauri uifanye kila siku, na si ya katikati ya Kampala wala ya mteremko mkali. Lakini barabara ikiwa nyeupe na samaki wanaharibika, dereva wako anaweza kulifikisha gari Bweyale au Kigumba, kwenye makanika.

Gari likiwa limezima, mahali tambarare, mbele pako wazi, atie gia ya kwanza. Kisha awashe hivyo hivyo. Kama ni gari lisilowaka bila klachi kukanyagwa, aikanyage tu. Waya umekatika lakini swichi ya pedeli haijui. Stata italivuta gari kwa kurukaruka, injini itashika, na mnatembea. Asifanye hivyo mara nyingi, stata nayo ina roho.

Kwenda gia ya pili: aondoe mguu kwenye pedeli ya moto, na papo hapo avute kijiti cha gia kwa upole, kitatoka chenyewe injini ikiwa haisukumi wala haisukumwi. Asubiri kidogo injini ishuke, kisha akielekeze kijiti kwenye gia ya pili kwa vidole viwili, bila kulazimisha. Mwendo ukilingana kinazama. Kikisaga, arudi huru ajaribu tena. Kushuka gia ni vivyo hivyo, ila aguse moto kidogo akiwa huru ili injini ipande kwanza. Gia ya tatu inatosha, hakuna haja ya zaidi. Ili kusimama, atoe gia kabla ya kukanyaga breki. Kuondoka tena ni kuzima, gia ya kwanza, kuwasha.

Basi ayapange mambo yake asisimame ovyo, hasa pale karibu na daraja la Karuma ambapo nyani wamezoea kurushiwa ndizi na wakisikia harufu ya samaki sijui watafanyaje.

Huo waya wenyewe ni mwepesi na hauchukui nafasi. Nunua wa akiba, upake grisi, uukunje kwa duara pana bila kuuvunja, uuweke chini ya kiti pamoja na spana namba 10 na 12. Waambie wakufungie ule mpya mkiwa mmesimama gereji, na dereva atazame mwanzo mpaka mwisho, ili akikatikiwa tena awe ameshaona unapitia wapi.